Kicheko Katikati ya Taarifa

Ngurumo alikuwa akisoma taarifa ya kifo redio ilipocheka.

Alikuwa mtangazaji wa miaka mingi, na jina hilo la Ngurumo alibandikwa na wasikilizaji kwa sababu ya sauti yake nzito, inayotoka chini kabisa ya kifua. Mchana ule aliyefariki alikuwa mkurugenzi wa zamani wa kituo, mtu aliyemshika mkono tangu siku ya kwanza akamfundisha namna ya kukaa mbele ya maikrofoni. Muziki wa huzuni ulipigwa kidogo, ukaanza kufifia, Ngurumo akavuta pumzi na kusema, "Tumempoteza mwalimu wetu." Hapo hapo kikasikika kicheko cha mwanamke: "Kha kha kha kha!" Kikapungua, kikazimika, kama cha mtu aliyeshtuka akajiziba mdomo.

Mji mzima ulisikia. Ngurumo alimalizia taarifa yake kwa sauti iliyokuwa ikimponyoka, akavua spika za masikioni, akafungua mlango wa chumba cha mitambo. Mle ndani alikuwamo mtu mmoja tu, fundi wa mitambo, na mbele yake simu ilikuwa mezani, kwenye kioo kuna video ya vichekesho imesimamishwa katikati.

"Umeuchezea msiba wangu," Ngurumo alimwambia.

"Mzee, haki ya Mungu, si mimi. Nilikuwa naangalia mitambo."

"Na hiyo simu je?"

"Niliangalia wakati wa chai."

Meneja wa kituo, mama asiyependa maneno mengi, alizisikiliza pande zote mbili kwa muda mfupi kuliko ilivyostahili. Jioni fundi alikuwa kwake, amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi ukamilike. Uchunguzi wenyewe hakuna aliyeuanza.

Kesho yake asubuhi fundi alipanda ngazi za jengo moja lenye duka la magodoro chini, akabisha hodi kwenye ofisi ya watu wawili waliotengeneza programu inayoendesha sauti zote za kituo kile. Aliyemfungulia alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, anayeitwa Sindano. Wengine walisema ni kwa ajili ya umbo lake, wengine walisema ni kwa ajili ya ulimi.

"Karibu, fundi. Kuna nini tena? Sauti inakwaruza?"

"Haikwaruzi, dada. Inacheka."

Sindano naye akacheka, halafu akaona uso wa mgeni wake akaacha. Fundi alikaa, akaeleza mkasa wote bila kupamba. Kituo huhifadhi kila kinachorushwa hewani, naye alikuwa amejinakilia dakika zile. Wakasikiliza pamoja. Waliposikiliza mara ya pili, Sindano aliinua kichwa.

"Hiki kicheko nakijua. Ni cha tangazo la sabuni! Yule dada anayecheka akianika shuka. Mnalipiga kutwa nzima, mpaka dada yangu jikoni anacheka nalo."

"Lilikuwa lipigwe baada ya taarifa," fundi alisema. "Lilikuwa halijafika zamu yake."

"Sasa limetokaje kabla?"

"Ndiyo nimekuja kuuliza. Mimi sikucheka. Kama sikucheka mimi, basi kimecheka kitu chenu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyelala vibaya, akaaga, akashuka.

Sindano hakungoja hata nyayo za fundi zifike chini. Aligeuza kiti kumwelekea mtu wa pili wa ofisi ile, aliyekuwa bado anafungua begi lake kwenye kona. Huyu alikuwa mume wa dada yake mkubwa, na kila aliyemjua alimwita Taratibu. Alitembea taratibu, alikula taratibu, na kupanda ngazi za ofisi kulimchukua muda wa kutosha chai yake kupoa.

"Shemeji," Sindano alisema, "Mgawaji wako amemfukuzisha mtu kazi."

"Shikamoo nayo hamna?"

"Nikuamkie wewe? Subiri uzeeke kwanza. Umesikia alichosema fundi?"

"Nimesikia. Sijasikia aliposema Mgawaji."

Mgawaji ndilo jina walilokipa kipande cha programu alichokiandika Taratibu, na alikipenda kama mtu anavyompenda mtoto wa mwisho. Kwa kawaida programu ikitaka mahali pa kuweka sauti, huomba kipande cha kumbukumbu kwenye mfumo wa kompyuta, na ikimaliza hukirudisha. Tabu ni kwamba mfumo huo una wateja wengi, na mara nyingine humweka mtu foleni. Kwenye redio, kungoja kwa kufumba na kufumbua tu kunasikika. Kwa hiyo Taratibu aliweka mgawaji wake binafsi. Asubuhi kituo kikiwashwa, Mgawaji huchukua pande kubwa la kumbukumbu kwa mkupuo mmoja, na kutwa nzima yeye ndiye anayekata vipande: hiki cha muziki, hiki cha tangazo, hiki cha habari. Kikirudishwa kipande, anakikabidhi kwa mwingine papo hapo. Tangu awekwe, sauti ya kituo haikuwahi kukwaruza.

"Maelezo yake ni mafupi," Sindano alisema. "Muziki wa msiba ulikuwa kwenye kipande chake. Mgawaji akachukua kipande kilekile akampa na tangazo la sabuni. Wapangaji wawili, chumba kimoja. Msiba ukafunguliwa mlango, akatoka mcheka shuka."

"Mgawaji hagawi kitu kimoja mara mbili."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilimlea mimi," Taratibu alijibu, akaketi, akaanza kukoroga chai iliyopoa.

Siku ile waliitumia kubishana na kupima. Walikuwa na programu ya ukaguzi, kitu kizuri sana, inayokaa mlangoni na kupiga kelele mtu akigusa kumbukumbu isiyo yake. Sindano aliiwasha, akairudisha ile saa ya mchana ya kituo kwenye kompyuta ya ofisi, sauti kwa sauti, kwa mpangilio uleule. Mkaguzi alikaa kimya kama maji mtungini. Wakati huohuo, kutoka kwenye spika iliyo juu ya kabati, kicheko kikatoka bila haya: "Kha kha kha kha!"

"Umesikia!" Sindano aliruka. "Kimetoka, na mkaguzi kalala!"

Taratibu aliweka kikombe chini. "Hajalala. Haoni. Mgawaji alichukua pande zima asubuhi. Kwa mkaguzi, pande lile lina mwenyewe, na mwenyewe yumo ndani. Kinachoendelea humo ndani hakimhusu."

"Kwa hiyo Mgawaji wako ametuzibia macho."

"Ametuharakishia kazi. Macho ni jambo jingine."

Sindano alikuwa na njia moja ya kumaliza ubishi, na aliichukua kesho yake asubuhi kabla shemeji yake hajafika. Alimweka Mgawaji kando, akaifanya programu iombe kumbukumbu kwenye mfumo wa kompyuta kama programu za watu wengine. Akairudia saa ya mchana. Sauti ilikwaruza hapa na pale, lakini kicheko hakikutoka. Akairudia tena. Hakuna. Taratibu alipoingia, alimkuta shemeji yake amekunja mikono kifuani, anatabasamu kama aliyekwisha kula.

"Ukiondoka wewe, kicheko kinaondoka. Utasemaje?"

Taratibu alivua koti, akalitundika, akalinyoosha bega moja, kisha la pili. Sindano alitamani kumsukuma.

"Nitasema hivi. Mimi na dada yako tukigombana, nikatoka nje, nyumba inanyamaza. Maana yake ni mimi niliyeanza?"

"Mara nyingi ndiyo."

"Shemeji, sikiliza." Safari hii hakuwa anatania. "Mfumo wa kompyuta ukirudishiwa kipande, hauna haraka ya kukigawa. Kinaweza kukaa na vitu vyake vya zamani ndani. Mgawaji anakigawa hapo hapo. Sasa chukulia kuna mtu karudisha ufunguo wa chumba, halafu anaendelea kuingia humo kwa dirishani. Kwa mfumo, atakuta vitanda vyake vilevile, hatajua kama kakosea. Kwa Mgawaji, atakuta watu wengine wamehamia. Mgawaji hakuleta kosa. Amelianika tu."

Jambo hilo lilikuwa linawezekana, na hilo ndilo lililomuudhi Sindano.

"Basi tumjue huyo wa dirishani," alisema hatimaye.

"Tumwekee mtego. Mgawaji akirudishiwa kipande, asikigawe upesi. Akijaze kwanza kitu tutakachokitambua."

"Kama nini?"

Taratibu alifikiri, na hapo akafanya jambo ambalo Sindano hakuwahi kumwona akilifanya katika miaka yote ya ushemeji wao. Alikunja midomo, akapiga mluzi. Ulikuwa mluzi mrefu, safi, wa kumwita mbwa upande wa pili wa mtaa.

"Vipande vyote vilivyorudishwa tuvijaze mluzi," alisema. "Atakayesoma kisicho chake, atatupigia mluzi mwenyewe."

Sindano alimtazama. "Shemeji, na wewe kumbe una akili za uhuni."

Walirekodi mluzi ule palepale, mlango umefungwa ili makelele ya duka la magodoro yasiingie. Mara ya kwanza Taratibu alicheka katikati, mara ya pili akaishiwa pumzi. Kisha akaketi kumfundisha Mgawaji tabia mpya mbili. Kwanza, kujaza mluzi kila kinachorudi. Pili, na hili alilifanya kwa uangalifu mkubwa zaidi, kumnong'oneza mkaguzi: kipande hiki kimerudishwa, sasa ni cha mwiko, atakayekigusa mkamate. Kwa njia hiyo mkaguzi angeona hata ndani ya lile pande ambalo hapo awali lilikuwa giza kwake.

Baada ya chakula cha mchana walianza kwa mluzi peke yake, wamezima ukaguzi, ili wasikie kwa masikio yao. Muziki wa msiba ukaanza. Ukafika mahali pa kufifia. Halafu, badala ya vinanda kuzama polepole, mluzi ukatoka. Ulianza kwa nguvu, ukapungua, ukapungua tena, ukateremka laini kama mtu anayeshuka mteremko, ukaisha.

Taratibu alitabasamu. Sindano hakutabasamu. Alikuwa anausikiliza ule mteremko.

"Rudia," alisema.

Taratibu akarudia. Mluzi ukashuka vilevile, laini, bila kikwazo, sawasawa na kicheko kilivyoshuka siku ile, kama cha mtu aliyejiziba mdomo. Watu wote walidhani ni aibu ya binadamu. Haikuwa aibu. Ilikuwa hesabu, na Sindano alianza kuhisi joto masikioni kwa sababu hesabu ile aliijua.

"Washa mkaguzi," alisema.

Mkaguzi hakuchelewa. Muziki ulipofika kwenye kufifia, programu nzima ilisimama kama punda aliyekataa njia, na kwenye kioo yakatoka maelezo: kipande kilichokwisha kurudishwa kimesomwa, na aliyekisoma ni mstari fulani, ndani ya sehemu ya kufifisha sauti. Sehemu hiyo haikuandikwa na Taratibu. Mwezi uliopita meneja wa kituo alilalamika kwamba muziki unakatika ghafla kama mtu kazabwa kofi, na Sindano akamwandikia ufifishaji ndani ya mchana mmoja, gauni la harusi ya rafiki yake likiwa limetundikwa mlangoni na simu ikiita awahi.

Kila kitu kilikuwa wazi pale. Muziki ukiambiwa unyamaze, programu ya Sindano ilikirudisha kipande kwa Mgawaji kwanza, ndipo ikaanza kufifisha, ikisoma kipande kilekile ambacho si chake tena. Mara nyingi ilikuta muziki bado umo, na hakuna aliyegundua. Mchana ule, katika upenyo huo mdogo, tangazo la sabuni lilikuwa linajiandaa kwa zamu yake na Mgawaji akalikabidhi kipande hichohicho. Ufifishaji ukachota humo, ukatoka na kicheko, ukakipunguza kwa adabu zote.

Taratibu alikuwa na kila haki ya kuimba. Badala yake alisogeza kiti.

"Mistari miwili tu," alisema. "Huu wa kurudisha ushuke chini, huu wa kufifisha upande juu."

"Naona."

"Ni jambo dogo."

"Shemeji, jambo dogo limemweka mtu nyumbani. Na mimi siku mbili nakusema wewe."

"Mimi nimeshazoea. Nimeoa kwenu."

Hilo lilimchekesha hata kama hakutaka. Alibadilisha ile mistari miwili, wakairudia saa ya mchana mara nyingi kuliko ilivyohitajika, Mgawaji akiwa kazini na mkaguzi akiwa macho. Vinanda vilizama polepole mpaka mwisho. Mluzi haukusikika, wala sabuni. Kisha Sindano akabeba kompyuta yake kwenda kituoni. Taratibu alitaka kumsindikiza, akamkatalia. Alitaka afike mchana uleule.

Ngurumo na meneja walimsikiliza wakiwa wamesimama. Sindano hakuanza na maelezo. Aliwapigia kwanza kicheko cha siku ile, kisha tangazo la sabuni lenyewe, kisha mluzi. Meneja alielewa haraka. Ngurumo alikunja uso.

"Huu mluzi nani kapiga?"

"Shemeji yangu, kwa makusudi, tuone kama utatokea mahali palepale. Umetokea. Wakati huo fundi yuko kwake, hayupo hata karibu na mitambo."

"Kwa hiyo hakucheka mtu."

"Hakucheka mtu, mzee. Programu ilisoma mahali ambapo haikutakiwa kusoma, na sehemu hiyo niliiandika mimi. Tumeshairekebisha. Samahani sana. Najua alikuwa nani kwako."

Ngurumo aliitazama spika, kisha kiti kitupu cha chumba cha mitambo kwa upande wa pili wa kioo. Kwa mara ya kwanza tangu Sindano amfahamu, sauti yake ilitoka ndogo.

"Nilimwambia ameuchezea msiba wangu."

Meneja alikuwa ameshapiga simu. Aliiweka kwenye spika ili wote wasikie. Ilichukua muda kupokelewa, na nyuma ya sauti ya fundi kulikuwa na kitu kinagonga.

"Fundi, rudi kazini. Imethibitika si wewe."

"Nashukuru, mama. Nitakuja Jumatatu."

"Jumatatu? Nakuhitaji sasa hivi!"

"Sasa hivi niko juu ya ngazi, mama. Mke wangu amesubiri ukuta huu upakwe rangi tangu tuhamie. Nikishuka leo, sipandi tena." Brashi ikagonga kopo. "Na Mzee Ngurumo anasemaje?"

Meneja alimtazama Ngurumo. Ngurumo alitikisa kichwa, akachukua koti lake.

"Mwambie mambo mengine hayasemwi kwenye simu," alisema, akatoka. Sindano akamfuata, kwa kuwa naye alikuwa na lake la kusema.

Nyumba ya fundi ilikuwa ghorofa ya chini, na fanicha zote zilikuwa zimesukumwa katikati ya sebule na kufunikwa shuka za zamani. Fundi aliteremka ngazi, akasimama na brashi mkononi, matone ya rangi ya maziwa kwenye nyusi. Ngurumo alikuwa amepanga maneno njia nzima, Sindano alimsikia akiyajaribu. Alipofika mbele ya yule kijana yakamwishia.

"Nimekukosea," ndiyo yote aliyosema.

"Ulikuwa na msiba, mzee."

"Wewe ulikuwa na kazi. Nisamehe."

"Na mimi," Sindano alisema. "Kosa lilikuwa langu. Asante kwa kuja kwetu. Usingekuja, tusingetafuta."

Fundi aliwatazama wote wawili, mmoja na mwenzake, akafuta nyusi kwa kiwiko, akazidisha kuzipaka.

"Mimi nimeshasamehe," alisema. "Mke wangu ndiye kazi. Yeye anarudi saa kumi na moja, na alisema akikuta ukuta haujaisha atajua la kunifanya."

Ngurumo alivua koti bila kuombwa. Akapewa brashi na upande wa dirishani, Sindano akapewa kushika ngazi. Walipaka na kuongea. Ngurumo alieleza jinsi marehemu alivyokuwa akimfukuza studio kila aliposoma haraka haraka, na jinsi siku moja yeye Ngurumo alivyosoma utabiri wote wa hali ya hewa kuanzia karatasi ya mwisho kurudi ya kwanza, akaja kuambiwa na wasikilizaji. Sauti ilikuwa imemrudia. Ilijaa sebule, ikatoka dirishani, ikaenda uani ambako jirani mmoja alikuwa akianua nguo.

"Jirani!" mtu huyo aliita. "Hebu ongeza hiyo redio, simsikii vizuri huyo Ngurumo!"

Fundi alishika ngazi asianguke. Ngurumo aliangalia dirishani, akaangalia kopo la rangi miguuni pake, akaliinua usawa wa macho, akakohoa kusafisha koo.

"Tikisa vizuri kabla ya kutumia," alitangaza, kwa uzito wote wa taarifa ya habari. "Usiweke mahali penye jua kali. Subiri kwa muda wa saa nne kabla ya kupaka mara ya pili."

"Ahsante, jirani!" sauti ilijibu kutoka uani.

Walimaliza kabla mke hajarudi. Upande wa Ngurumo ulitoka na michirizi, na fundi alingoja mpaka wageni wake wamekata kona ndipo akachukua brashi kuurudia.